Mulinzi wa Mulango

Kasongo, tarehe 14, mwezi wa tisa, 2024

Yaya Chadia,

Shika salamu kwanza, vichekesho vinakuja nyuma. Mimi niko muzima, meno yote iko, plake ya jua juu ya nyumba iko, na paka ya jirani yenye kula kwangu kuliko kwao pia iko. Nyinyi hapo Kabambare muko namna gani? Mama? Mutoto wako Malaika? Bwana yako alirudia Salamabila ao angali hapo anakula bugali yako? Antene yenu nayo, imeamuka? Kila mara nikiita simu yako, mwanamke moja wa Kifaransa njo ananijibu, na mimi sina neno naye. Kwa hiyo naandika barua kama babu zetu, na Dominique ataibeba na pikipiki yake. Mupatie maji ya kunywa, lakini usimupatie kiti. Akikaa hasimame tena.

Sasa mambo yenyewe. Uliuliza ile kozi yangu ya mu ordinatere, hii kompyuta, ni ya nini, na kama mutu mwenye aliachia masomo mu mwaka wa tano wa primere anaweza kuifuata. Yaya, hata mimi najiuliza. Wenye kozi hawakuuliza diplome. Waliuliza tu kama niko na ordinatere, na ninayo, ile niliunganisha na vipande vya zingine zilizokufa. Kifaransa chao kinanipita kama lori. Nasimama pembeni, nangoja vumbi ishuke, kisha narudia kusoma.

Kazi yenyewe ni kubeba habari toka pahali moja kuzipeleka pahali pengine bila kuzimwaga. Kama Dominique, lakini wa habari. Njia ya kupitisha wanaiita bomba. Unachota, unasafisha, unapeleka. Sheria mbili nimezishika mu kichwa: ikikatikia njiani, unaendelea pale ilikatikia, hauanze upya. Na usifute kule ilitoka mpaka kule inaenda waseme imefika. Ni karibu sawa na kazi yangu ya kuchaji simu na kutia nyimbo mu karte za simu za watu, ila hii wanaiita inzenieri, kama kazi ya wahandisi.

Iko shirika moja hapa mujini linatafuta mutu wa kazi hiyo. Mukubwa wao aliniangalia toka kichwa mpaka kandambili, akasema: "Leta cheti mbele ya mwaka kuisha, nitakutwaa." Cheti kinapatikana na mutihani moja, na unapewa nafasi tatu tu.

Ya kwanza imekwenda. Mutihani unaufanyia nyumbani, lakini ordinatere inakuangalia na jicho yake na kukusikiliza na sikio yake, masaa mawili na zaidi. Uwe peke yako, usiseme na mutu, sauti ya mutu mwingine isiingie. Ikiingia, ordinatere inafunga mutihani. Basi nikafunga mulango asubui. Wewe unajua Kasongo: mulango ukifungwa muchana, ni mugonjwa ao kilio. Mama Ernestine, jirani yangu mwenye kukaanga mikate, akaona, akaita wengine. Nikiwa kwenye maswali ya mwanzo, wamama wakaingia na uji, moja alikuwa amekwisha anza kulia. Ordinatere kuona vichwa vyote vile, ikafunga. Uji niliunywa. Ulikuwa na sukari.

Nafasi mbili ziko. Usimwambie mama kama nilianguka. Mwambie nilikunywa uji.

Mudogo wako,
Ayoubu


Kabambare, tarehe 3, mwezi wa kumi, 2024

Ayoubu mudogo wangu,

Salamu zako zimefika na matope yake. Dominique alianguka njiani na barua mu kifua. Nilimupatia kiti, na kweli hakusimama mpaka chakula kikaiva. Sisi tuko. Malaika ameng'oka jino la mbele, sasa akisema anapiga filimbi. Baba yake iko Salamabila mu mashimo ya zahabu, hajatuma neno. Mihogo imetoka vizuri. Antene ingali imelala. Mama iko, anakusalimia.

Barua yako nilimusomea yote. Ulisema nisiseme, lakini mama akiniangalia mudomo, nitaruka mustari namna gani? Kwenye uji alicheka. Kisha akauliza: "Sasa hana mutu wa kumusimamia mulangoni?" Nikamwambia, mama, wale watu wa Kasongo, ukiweka mulinzi watakuja kusalimia mulinzi.

Mimi mambo ya bomba sielewe. Ila mulango uache wazi. Watu wakiona uko muzima watapita zao.

Na usiache. Ulianza kuku, ukaacha. Ulianza sabuni, ukaacha, mpaka leo tunafulia zile vipande zenye kunuka. Hii imalize, hata kama utaimaliza vibaya.

Yaya yako,
Chadia


Kasongo, tarehe 24, mwezi wa kumi, 2024

Yaya,

Mvua inatupiga huku, kwenu sijui. Natuma salamu zilizofungwa mu plastiki. Mwambie Malaika anitunzie ile jino, nitakuja kuipanda tuone kama itaota mutoto mwingine. Paka amezaa mu kikapu yangu ya shaja. Watu wanaleta simu, wanachukua simu na manyoya.

Masomo yanaendelea. Asubui nafungua duka, nachaji simu za watu, muchana nasoma, wateja wananiuliza kama ninasoma ao ninagombana na mutu, maana nasoma na sauti. Sasa tuko mu kusafisha. Habari nazo ziko na uchafu: mustari moja mara mbili, tarehe isiyoweza kuwa, pahali pa jina pako wazi. Mwalimu wao anasema, pahali pakiwa wazi usijaze na kichwa yako, uliza kwanza kwa nini pako wazi.

Njo nauliza. Umeandika "mama iko". Mbuzi pia iko. Anaenda shamba? Anagomba watu? Anakula?

Mutihani wa pili nimeuacha upumzike kwanza. Tuzungumuze mengine.

Ayoubu


Kabambare, tarehe 9, mwezi wa kumi na moja, 2024

Ayoubu,

Tumepokea. Malaika amezika jino nyuma ya nyumba, anamwaga maji kila asubui, wewe njo utamuambia ukweli.

Mutihani kupumzika ni namna gani? Mutihani ni mugonjwa? Dominique ametuambia yote mbele ya mama, na alicheka mpaka akamwaga chai. Wewe unajificha kwa barua na unasahau mwenye kuibeba iko na mudomo.

Mama shamba haende sasa, juu ya mvua. Kugomba anagomba, lakini pole pole. Anauliza nafasi ya mwisho ni siku gani. Kila siku anauliza.

Chadia


Kasongo, tarehe 17, mwezi wa kumi na moja, 2024

Yaya Chadia,

Salamu za mutu aliyekamatwa. Basi nakubali, nilianguka tena, na nilianguka kwa shauri yako. Mulango niliuacha wazi. Watu walipita vizuri, wananiona, wanapita, mimi najibu maswali kama mutu mwenye alizaliwa Ulaya. Nusu ya mutihani imekwisha. Njo Mzee Ramazani, jirani mwingine, akapita na fimbo yake, akatia kichwa ndani: "Asalam aleikum." Yaya, mudomo ulijibu wenyewe. Mimi sikuwamo. Mudomo ulisema "Waleikum salam mzee, za asubui," ukauliza hata mugongo wake unaendeleaje. Ordinatere ikafunga. Ungekuwa wewe, ungeacha salamu ya mzee ianguke chini?

Ya mwisho ni tarehe 26 mwezi huu, asubui. Nikianguka, yule mukubwa anatwaa mutu mwingine, na mimi nitazeekea mu shaja. Safari hii nafunga mulango. Nimemwambia Mama Ernestine: "Nikifunga, sikufa." Akasema sawa, kisha akaenda kutangazia avenue nzima, nyumba kwa nyumba, na sasa wote wanataka kuja kuhakikisha.

Nahitaji mulinzi. Mutu anayeogopwa na Kasongo yote, mwenye anaweza kumunyamazisha Mama Ernestine na jicho tu. Mutu wa namna hiyo namujua moja duniani, na iko hapo kwenu anakula mihogo. Mwambie akuje, nitamulipa na uji.

Namna gani anagomba pole pole? Mama yangu mimi hajui kugomba pole pole.

Ayoubu


Kabambare, tarehe 24, mwezi wa kumi na moja, 2024

Ayoubu,

Salamu nitaandika siku ingine. Mwenye kukuletea barua hii ni mama mwenyewe.

Ni mugonjwa toka mwezi wa nane. Alinikataza kukuandikia, alisema utaacha masomo vile uliacha kuku. Anakohoa, miguu imevimba, akilala chali anakosa pumzi. Dawa ya hapa imeshindwa. Mufirmie, mwenye kutupatia dawa, amesema apelekwe Kasongo.

Dominique atamubeba, watalala njiani kidogo kidogo. Nimemwambia mama: lopitali kwanza, Ayoubu nyuma. Nimemwambia Dominique vilevile. Lakini barua yako ya mulinzi nilikwisha kumusomea, na toka siku ile amefunga muzigo.

Ukisoma hapa, umupeleke lopitali wakati huu huu. Usingoje kitu.

Chadia


Kasongo, tarehe 2, mwezi wa kumi na mbili, 2024

Yaya Chadia,

Habari yenyewe Dominique amekwisha kukuletea na mudomo. Mimi nakuandikia namna ilikuwa.

Siku ile nilifunga mulango, nikaanza. Kidogo, mutu akagonga. Mara moja tu. Moyo ulisimama ukaenda kufungua, mimi nikabaki kwenye kiti. Kisha kimya. Yaya, kimya ya namna ile Kasongo sijaisikia toka nizaliwe. Hakuna salamu, hakuna mafuta ya Mama Ernestine yanalia. Mara mara nilisikia kitu inakohoa nje, nikafikiri ni mbuzi ya Mzee Ramazani. Nilijibu mpaka mwisho. Nikabonyeza kutuma. Ordinatere ikasema asante.

Nikafungua mulango na mikono juu kama mutu mwenye alifunga bao, nusura nimuangushe. Alikuwa amekaa kwenye kakiti ya Mama Ernestine, mugongo kwenye mulango wangu, fimbo kwenye magoti. Wamama wa avenue wamesimama ng'ambo ya njia, hakuna anayesema. Mama Ernestine alikuwa amezima moto yake. Mzee Ramazani alikuwa anasalimia watu na mukono.

Mama hakugeuka. Aliuliza: "Umejibu yote?"

Nikasema: "Yote, mama."

"Basi sasa nisalimie."

Nikamusalimia. Miguu yake ilikuwa kama mikate. Njo akatoa barua yako mu kikwembe. Alikuwa nayo pale wakati wote, Yaya. Nilisoma nikiwa nimesimama. Dominique aliniambia alimubembeleza njia nzima waende lopitali kwanza, akamujibu: "Lopitali iko pale hata kesho. Mutihani ni leo."

Tulimupeleka wakati ule ule. Docteur alisema moyo imechoka na maji imejaa mu mapafu. Akauliza alifika Kasongo saa ngapi. Nikamwambia. Akaandika. Mimi sikumuuliza kwa nini.

Tarehe 28 alfajiri akaenda. Tulimuzika siku ile ile, mbele ya sala ya alasiri. Mzee Ramazani njo alisimamia. Watu walikuwa wengi. Nilitaka kuandika kichekesho hapa, lakini kimekatikia njiani.

Ayoubu


Kabambare, tarehe 20, mwezi wa kumi na mbili, 2024

Ayoubu,

Nilitoka kuja kwako. Daraja limekwenda na maji, watu wamejaa ng'ambo zote mbili wanaangaliana. Nilikaa pale, nikarudi na miguu. Kilio tumelia hapa bila maiti, watu wanakuja, wanaangalia kitanda yake, wanakaa.

Nilimwambia lopitali kwanza. Nilimwambia na mudomo, nikaandika. Lakini mimi njo nilimusomea barua yako, na mimi njo niliandika "mama iko". Wewe uliita, mimi nilisoma. Tusigombane, tuko wawili mu hii.

Ila wewe ulimuona mwisho, mimi hapana. Huku alitoka asubui anagomba Dominique juu ya kamba ya muzigo, hakuniangalia vizuri. Uniandikie maneno aliyosema. Yote. Si vichekesho, maneno.

Malaika ameacha kumwagia jino maji. Na mutihani?

Chadia


Kasongo, tarehe 19, mwezi wa kwanza, 2025

Yaya Chadia,

Salamu kwako na kwa Malaika. Mwambie jino zingine zinachelewa, asichoke.

Kuhusu mutihani, wenye kozi waliniandikia. Maswali nilijibu vizuri, wanasema, vizuri kabisa. Lakini ordinatere ilisikia mutu. Kukohoa, na sauti chini chini nyuma ya mulango, ndogo sana, njo maana siku ile haikufunga, ilirekodi tu. Cheti wamekikamata. Wakanitumia zile vipande vya sauti nisikilize, nieleze ni nani.

Nikasikiliza. Yaya, ni yeye.

Walisema mutu huyo aandike mwenyewe na aweke sinyatire kwamba hakunisaidia mu mutihani. Nikawajibu amekufa. Wakasema wanasikitika sana, basi niandike mimi kwa jina yake: mutu huyu hakunisaidia. Mustari moja tu, na cheti ni changu. Nilikaa mbele ya ile mustari muchana kutwa, wateja wanachukua simu zao wenyewe. Hakunisaidia. Naanza neno, vidole vinakataa. Alitoka Kabambare na maji mu mapafu, akaweka mugongo yake kwenye mulango wangu, na mimi niandike hakunisaidia. Tarehe yao ikapita. Yule mukubwa ametwaa mutu mwingine, kijana muzuri, ananileteaga simu yake kuchaji.

Kozi inaanza tena mwezi wa tatu, toka somo la kwanza. Nimejiandikisha. Nitafanya nini tena? Kuku nilikwisha shindwa.

Uliomba maneno. Wenye kozi walisema mwisho wa mwezi wanafuta sauti zote kule kwao. Njo nikazivuta. Rezo ya internet ikakatika, nikaendelea pale ilikatikia. Ikakatika tena, nikaendelea. Plake haikuwa na jua, nikamuomba Mama Ernestine betri yake. Sasa ziko zote mu karte hii ndogo, Dominique ataibeba mu kinywa kama anataka, lakini isilowane. Iweke mu simu yako. Utamusikia anasema: "Shii. Mutoto wangu iko kwenye kazi." Utamusikia Mama Ernestine anamuambia, mama, wewe ni mugonjwa, acha tukupeleke. Naye anajibu, sauti chini: "Mimi si mugonjwa. Mimi ni mulango."

Ni bomba yangu ya kwanza yenye imetoka mwanzo mpaka mwisho. Kwangu sitafuta mpaka uniandikie imefika.

Mudogo wako,
Ayoubu


Kabambare, tarehe 11, mwezi wa pili, 2025

Ayoubu mudogo wangu,

Imefika.

Dominique aliifunga mu leso, leso mu plastiki, plastiki mu kofia. Aliniambia alipita daraja jipya na miguu, anasukuma pikipiki, maana aliogopa kuruka na mama.

Wewe ulisema kazi ikikatikia njiani, wanaendelea pale ilikatikia. Sasa hao wanaokurudisha kwenye somo la kwanza, hawakusoma kozi yao wenyewe? Lakini nenda. Safari hii mulinzi sijui tutamutoa wapi.

Leo asubui shemeji yako iko Salamabila, Malaika iko kwenye masomo. Nilifunga mulango, nikatia karte mu simu, nikakaa kwenye kitanda yake. Nilikuwa nimefungua sauti tu, mama amekohoa mara ya kwanza, mutu akagonga hodi. Ni jirani, aliona mulango umefungwa muchana. Akagonga tena, akaita jina yangu, akauliza kuna nini, kuna nani mugonjwa humu.

Nilitaka kujibu. Mudomo ulikuwa umekwisha funguka. Halafu mama akasema mu simu: "Shii."

Nikanyamaza. Jirani naye alisikia, kumbe, maana hakugonga tena.

Yaya yako,
Chadia